Jukwaa, Kamba na Kivuli: Fizikia Tunayoiruka Tunapofundisha Tamthilia

Katika idara nyingi za Kiswahili za ukanda huu wetu, tamthilia husomwa kana kwamba ni riwaya iliyokatwakatwa na kupewa majina ya wahusika pembeni. Mwanafunzi huulizwa dhamira, maudhui, ufaafu wa anwani na mbinu za lugha. Maelekezo ya jukwaani, yale yanayochapwa kwa herufi za mlazo, hurukwa kama mtu anavyoruka kidimbwi njiani. Ni nadra sana kumsikia mhadhiri akiuliza taa ining'inizwe wapi, nani atapandisha pazia na pazia hilo lina uzito gani. Makala haya yanadai kwamba kuyaruka mambo hayo kunaipunguza tamthilia, na vilevile kunakinyima Kiswahili nafasi nzuri ya kuzungumza sayansi.

Tuanze na hilo la pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliafiki kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wapo wanaouliza tangu hapo, wengine kwa nia njema na wengine kwa kejeli, iwapo lugha hii inaweza kubeba fizikia. Jibu letu la kawaida ni kunyoosha kidole kwenye rafu: tazama, kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, kani, nishati, msuguano, taswira, yote yamo. Jibu hili ni la kweli lakini halitoshi. Istilahi tunazo. Tulichopungukiwa ni sentensi: usemi wa kila siku ambamo istilahi hizo zimezungumzwa na watu wenye kazi mikononi, zikabishaniwa, zikapata vitenzi vyake. Neno lililomo kamusini tu ni kama nguo iliyomo dukani, haijulikani itamkaa nani.

Ni wapi basi mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye si mwanafunzi wa fizikia, atalazimika kusema sentensi za fizikia? Kwa maoni yetu, ni nyuma ya pazia.

Hapa lazima tutofautishe mambo mawili ambayo walimu wengi huyachanganya. Kuna kuigiza fizikia, na kuna kuitumia fizikia ya jukwaa. La kwanza limeenea: wanafunzi wanashikana mikono, huyu ni elektroni, yule ni betri, wanazunguka darasa wakiimba. Darasa linachangamka na mgeni anayetembelea shule hufurahi. Lakini sikiliza wanachosema. "Mimi ni elektroni, nataka kwenda nyumbani." "Mimi ni atomu, ninamtafuta rafiki." Elektroni haitaki kitu. Mtoto aliyeambiwa kwamba inataka atakuja kuandika hivyo kwenye mtihani, na mwalimu wa fizikia atakuwa na kazi ya kung'oa kile ambacho mwigizaji alikipanda. Kiswahili chenyewe huongeza tatizo, kwa sababu ngeli ya watu ikishaingia, "a-" ya elektroni hubeba moyo na nia pamoja nayo. Tashihisi ni mbinu nzuri ya fasihi, lakini ni msaidizi wa kutiliwa shaka katika maabara.

Vifaa vya jukwaani havina tatizo hilo. Kamba haiigizi. Ukiifunga vibaya itakuonyesha.

Chukua pazia la nyuma lililochorwa mandhari, lililofungwa kwenye bomba refu la chuma. Tuseme vyote pamoja vina kilo 80. Katika majumba makubwa ya maonyesho bomba hilo hupandishwa juu ya jukwaa kwa kamba zinazopita kwenye makapi, na upande wa pili wa kamba hizo pana kitoroli chenye vyuma vya kusawazisha, navyo vina kilo 80. Mtu mmoja mwembamba anaweza kulipandisha pazia lote. Mwanafunzi ataeleza kwamba vyuma vile "vimepunguza uzito wa pazia." La, havikuupunguza hata gramu moja. Vimelingana nao, na kazi iliyobaki kwa mwenye kuvuta ni kushinda msuguano wa makapi na kuviondoa vitu hivyo katika utulivu wake. Tofauti kati ya kupunguza na kusawazisha ni tofauti ya fizikia, lakini aliyeibeba ni kitenzi, na vitenzi ni shamba letu sisi walimu wa lugha.

Tena si mchezo wa maneno tu. Wakati wa kulishusha pazia hilo na kulifungua, ni lazima vyuma vitolewe kwanza ndipo pazia lifunguliwe. Bomba likiwa chini, kitoroli kiko juu, kimejaa vyuma. Atakayefungua pazia kwanza amekiacha kitoroli kile bila mwenzake wa kukisawazisha. Kitaporomoka chini na bomba litaruka juu pamoja na yeyote aliyelishika. Kwa hiyo amri ya nyuma ya jukwaa haivumilii utata. "Punguza" na "fungua" zikibadilishana nafasi, mtu huumia. Sidhani kama tuna zoezi lolote la sarufi lenye umakini wa namna hiyo.

Kuhusu msamiati wa kamba, nina lalamiko. Vitabu vyetu vya shule vinapofika kwenye makapi huchora kapi moja, hupachika herufi za kizungu pembeni, kisha husonga mbele. Wakati huohuo mabaharia wa pwani walikuwa na majina ya kila kipande. Kulikuwa na henza, kamba nene ya kupandishia foromali. Gofia, kapi lililofungwa kwenye henza na kusogea pamoja nayo. Jarari, kamba ipitayo katika gofia. Na abedari iliyofungwa chomboni. Mwenye kuelewa maneno hayo manne ameshaelewa tofauti kati ya kapi tuli na kapi sogezi. Kapi tuli hubadilisha upande wa kuvuta tu. Kapi sogezi hugawa mzigo kwa kamba mbili, hivyo kani inayohitajika ni nusu, lakini utavuta mita 2 za kamba ili mzigo upande mita 1. Unachokiokoa kwenye kani unakilipa kwenye urefu wa kamba. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani na yanafia humo. Vitenzi vyake pia ni vizuri kuliko tulivyonavyo: tanga hutwekwa na hutuliwa, na sioni kwa nini pazia la jukwaani lisitwekwe na kutuliwa vilevile.

Uhusiano huo wa chombo na jukwaa hata Ulaya ulikuwapo. Venice, mji wa mabaharia, ndiko Giacomo Torelli alikobuni katika miaka ya 1640 utaratibu wa kubadili mandhari yote ya jukwaa kwa mara moja, kamba zote zikiwa zimeunganishwa kwenye mtambo mmoja wa kuzungushwa pamoja na uzito wa kusawazisha. Anayetaka kuona jamaa ya mtambo huo ukifanya kazi hadi leo aende Drottningholm, Sweden, katika jumba la maonyesho lililofunguliwa mwaka 1766. Nasi tusisingizie umbali wa bahari. Mwanafunzi wa Kampala au Kigali huenda hajaona jahazi likitweka, lakini ameona fundi akipandisha ndoo ya zege ghorofani kwa kapi na kamba. Aanzie hapo.

Nuru ndiyo sehemu iliyo tajiri zaidi, na ndiyo yenye mitego mingi zaidi ya lugha. Neno la kwanza ni kivuli. Katika ngano ya mbwa na mfupa, iliyokaririwa madarasani mwetu miaka mingi, tunasimulia kwamba mbwa aliona kivuli chake majini. Hakuona kivuli. Kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa usifike. Alichokiona mbwa ni taswira, yaani mwanga uliofika machoni mwake baada ya kuakisiwa na maji. Kimoja ni ukosefu wa mwanga, kingine ni ujio wake, nasi tumeviita jina moja. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Msimuliaji ana haki yake. Mbele ya taa za jukwaani, hata hivyo, mkanganyiko huo hauwezi kudumu dakika tano.

Jaribu hivi. Tundika taa mbili zilizoachana, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya kijani, zote zimulike ukuta mweupe. Ukuta utakuwa wa manjano, jambo ambalo peke yake litaanzisha ubishi, kwa kuwa kila aliyechanganya rangi za maji anajua kwamba nyekundu na kijani hutoa kitu cha kahawia kisichopendeza. Sasa mwigizaji asimame katikati. Atapata vivuli viwili, na hakuna hata kimoja cheusi: palipozuiwa taa nyekundu pana kijani, palipozuiwa taa ya kijani pana wekundu. Weusi utaonekana pale tu vivuli viwili vinapopandana. Mwambie mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili alichokiona, bila kutumia neno "rangi" zaidi ya mara mbili. Atatoka jasho. Atalazimika kusema ni mwanga upi umefika, upi umezuiwa na nini kimebaki, na hapo atakuwa ameisema fizikia bila kujua kwamba alikuwa akiisema.

Mtego wa pili uko kwenye karatasi ya rangi inayowekwa mbele ya taa. Tunasema karatasi hiyo "inapaka" mwanga rangi, au "inatia" rangi. Kitenzi hicho kinadanganya. Karatasi nyekundu haiongezi chochote. Inazuia sehemu kubwa ya mwanga na kuacha wekundu upite. Neno lenye haki hapa ni kuchuja, na kila nyumba ina chujio la chai la kulitolea mfano. Mwenye kusema "kupaka" hataelewa kwa nini gauni jekundu la mhusika mkuu linageuka karibu jeusi linapomulikwa kwa taa ya kijani; mwenye kusema "kuchuja" ataelewa mwenyewe, kwa kuwa mwanga wa kijani hauna wekundu wa kurudishwa na lile gauni. Mbuni wa maleba asiyelijua hili huharibu kazi ya wiki nzima usiku wa kwanza wa onyesho.

Mtego wa tatu ni kioo. Kiswahili hutumia neno hilohilo kwa kioo cha dirisha na kioo cha kujitazamia. Wapo wanaoona huu ni upungufu. Mimi naona ni bahati, na sababu yake ni kisa cha London.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862, katika taasisi ya Royal Polytechnic, mwalimu wa sayansi aitwaye John Henry Pepper alionyesha mzimu jukwaani katika onyesho lililotokana na hadithi ya Charles Dickens. Wazo la awali lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, na Pepper alilirahisisha ili lifae katika majumba ya kawaida. Mbele ya jukwaa iliwekwa bapa kubwa la kioo safi kilichoinamishwa. Chini, mahali ambapo hadhira haipaoni, alisimama mwigizaji mwingine akimulikwa kwa taa kali. Kioo kiliruhusu hadhira kuona jukwaa kupitia kwake, na wakati huohuo kiliakisi mwanga wa yule wa chini. Kilikuwa kioo cha dirisha na kioo cha kujitazamia kwa pamoja, na Kiswahili kiko tayari na neno lake.

Sheria inayotawala hila hiyo ni ile ya kidato cha pili: taswira huonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao kitu kiko mbele yake. Matokeo yake kwa mwigizaji ni ya ajabu. Aliye jukwaani, anayepigana na mzimu kwa upanga, hauoni mzimu huo hata kidogo. Hupigana na alama iliyochorwa sakafuni. Pia kioo safi huakisi sehemu ndogo tu ya mwanga, kama asilimia 4 kwa kila uso pale mwanga unapokiangukia wima, na kwa sababu hiyo mzimu humulikwa sana na jukwaa huachwa hafifu. Mwalimu asiye na jukwaa anaweza kufanya hivyo kwa kipande cha kioo na mishumaa miwili inayolingana. Simamisha kioo wima, washa mshumaa mmoja mbele yake, weka mwingine usiowashwa nyuma kwa umbali uleule. Mshumaa wa nyuma utaonekana unawaka. Utie ndani ya glasi ya maji, na utawaka majini. Wanafunzi wakishamaliza kushangaa, wape rula.

Lakini nilitaja kisa hiki kwa ajili ya uhakiki, si kwa ajili ya mishumaa tu. Inasimuliwa kwamba Pepper alikusudia kuieleza hila yake mwishoni mwa onyesho, kama mhadhara wa sayansi, ila alipoona jinsi hadhira ilivyopigwa na butwaa akanyamaza. Badala ya kueleza, yeye na Dircks walitafuta hataza. Kama ndivyo, basi tuna mwalimu aliyekuwa na somo bora mkononi, akaamua kuuza tiketi. Sisemi kwamba alikosea. Mzimu uliofafanuliwa hauogopeshi. Nasema kwamba jukwaa linaloficha kioo chake limeacha kufundisha, hata kama kila kitu ndani yake kimejengwa kwa fizikia.

Aliyechagua upande wa pili ni Bertolt Brecht. Yeye alitaka hadhira izione taa zenyewe, na jukwaa limulikwe kwa mwanga mweupe, mwangavu, ili pasiwe na usingizi wa hisia. Tamthilia yake kuhusu Galileo, aliyoiandika akiwa uhamishoni Denmark mwaka 1938 na 1939 na ambayo ilionyeshwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1943, inaanza na fizikia ya vifaa vya nyumbani. Galileo anamketisha mtoto Andrea kwenye kiti, anambeba na kiti chake kuzunguka beseni la kunawia, beseni likiwa ndilo jua. Baadaye analeta tofaa lililochomekwa kijiti. Walimu wengi huishia hapo kwa furaha: tazameni, ufundishaji kwa vitendo! Kinachonifanya nimheshimu Brecht ni kile kinachofuata. Mtoto anakataa. Anasema, kwa maneno yake, kwamba mjanja hashindwi kupata mfano, na kwamba hawezi kumbeba mama yake kwenye kiti namna ile ili naye aamini. Mwandishi ameweka hoja nzito zaidi dhidi ya zana za kufundishia katika kinywa cha mwanafunzi, tena katika onyesho la kwanza kabisa. Katika onyesho la baadaye sindano ya chuma inawekwa juu ya maji, na inaelea, kinyume na walichokuwa wakikiamini wasomi. Hapo hakuna mfano wala sitiari. Sindano ni sindano. Tofauti kati ya kiti na sindano ni tofauti kati ya kuiwakilisha fizikia na kuifanya, na mhakiki anayeisoma tamthilia hii bila kuiona tofauti hiyo amesoma nusu yake.

Hapa tunakaribia nyumbani, maana Ebrahim Hussein, ambaye baadaye alikwenda Berlin Mashariki kusomea shahada ya uzamivu katika nchi ya Brecht, alikwisha kutupa mwaka 1969 tamthilia ya Kinjeketile, ambayo sote tumeifundisha. Tumeandika mengi kuhusu maji kama ishara ya umoja na kuhusu neno linalomshinda aliyelizaa. Sijaona tukijadili namna ya kulisimamisha tukio la Kinjeketile kuvutwa kuelekea mtoni na kitu ambacho hadhira haikioni.

Fikiria tatizo la mwigizaji. Mtu anayevutwa kwa kamba naye akigoma, hulala nyuma. Visigino hukaza ardhini, na msuguano chini ya nyayo zake humrudisha nyuma wakati kamba inamleta mbele. Anaweza kulala hivyo kwa sababu kamba inamshikilia. Mwigizaji wetu hana kamba. Akilala nyuma kiasi kile, mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito wake utatoka nje ya nyayo, naye ataanguka chali mbele ya hadhira. Isitoshe, kinachompeleka mbele ni msuguano wa miguu yake mwenyewe, yaani sakafu inamsukuma kuelekea mtoni huku yeye anatakiwa aonyeshe kwamba sakafu inamzuia. Anaigiza kani iliyo kinyume na ile inayomwendesha kwa kweli.

Mkurugenzi ana njia chache. Anaweza kumlaza chini atambae, mwili ukiwa karibu na sakafu kiasi kwamba hakuna pa kuangukia, mkono umenyooshwa mbele. Anaweza kumkunja magoti na kuupanua msimamo wake. Anaweza pia kutumia kamba ya kweli, nyembamba na nyeusi, mbele ya pazia jeusi, na kuiweka siri kama Pepper. Au akafuata njia ya Brecht, kamba ikaonekana na mwenye kuivuta akaonekana. Kila uamuzi hapa ni tafsiri. Kamba iliyofichwa inatutaka tuamini pamoja na wanakijiji. Kamba iliyo wazi inatutaka tuulize nani anavuta, swali ambalo Kinjeketile mwenyewe analifikia akiwa amechelewa. Mimi ningemlaza chini bila kamba, kwa sababu mwili unaotambaa unaonyesha jitihada na haudai lolote kuhusu mvutaji, ukaiacha shaka mahali alipoiacha Hussein. Mwenzangu anayefundisha kozi hiyohiyo anapendelea kamba iliyo wazi. Tumekubaliana wanafunzi wa mwaka wa tatu wajaribu zote mbili sakafuni, viatu wamevua, kisha waandike kurasa mbili za uhakiki, na neno kani litumike mahali ambapo haliwezi kubadilishwa na neno nguvu.